Hank Aaron alikuwa fundi wa mikimbio, au alidumu tu uwanjani? Njooni na kalamu

#1 Mpiga Gongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Najua jukwaa hili ni la Simba na Yanga, na nikitaja besiboli nusu yenu mtapita kama mnapita msibani kwa mtu msiyemjua. Lakini nina dukuduku la wiki mbili sasa, na huku nilipo sina wa kubishana naye kwa Kiswahili.

Niko viunga vya Atlanta, kazi yangu ghalani, zamu ya usiku. Pale tuna mzee mmoja mweusi, umri wa kustaafu ulishampita zamani lakini bado anasukuma mzigo kama kijana wa Manzese. Mapumziko ya saa nane usiku tunakaa pamoja, yeye na chupa yake ya kahawa, mimi na wali wangu wa jana. Hadithi yake ni moja tu: Hank Aaron. Juzi kati kijana mmoja akamkatisha. Akasema Aaron hakuwa mkali kuliko Willie Mays wala Mickey Mantle, alicheza miaka mingi tu, na hata kobe ukimpa miaka 23 atafika. Mzee alifunga kifuniko cha chupa, akainuka, akaenda zake. Hakujibu neno. Ule ukimya ndio ulionitia kwenye hesabu.

Kwa wasioujua mchezo: mkimbio mmoja ni mtu kuzunguka besi zote na kurudi nyumbani salama. Mpigaji anaandikiwa vitu viwili. Kwanza mikimbio aliyoikimbia mwenyewe. Pili mikimbio iliyoingia kwa sababu ya pigo lake, hiyo wanaiita RBI. Chukulieni ni goli na pasi ya goli. Sasa kuna homurani, pigo linalovuka uzio, ambalo mtu anajiingiza mwenyewe, yaani kajipasia halafu kafunga. Ili asihesabiwe mara mbili, watu wa takwimu wa zamani walijumlisha mikimbio na RBI, kisha wakatoa homurani. Jibu wakaliita mikimbio aliyozalisha.

Aaron, kuanzia 1954 hadi 1976: mikimbio 2,174, RBI 2,297, homurani 755. Jibu 3,716. Hiyo RBI ya 2,297 ni rekodi mpaka leo, hakuna aliyeigusa.

Mays: 2,062 na 1,903, toa 660. Jibu 3,305.

Frank Robinson: 1,829 na 1,812, toa 586. Jibu 3,055.

Mantle: 1,676 na 1,509, toa 536. Jibu 2,649.

Hawa wanne ni rika moja. Wote walizaliwa kati ya 1931 na 1935, wote wameingia jumba la magwiji kule Cooperstown. Aaron kampita Mays kwa 411 na Mantle kwa 1,067. Kwa mtazamo wangu kesi imekwisha, lakini semeni.

#2 Mchuuzi wa Makoroboi

Mkuu nimesoma hadi mwisho nikitegemea kuna mahali utaniuzia kiwanja. Kumbe kweli ni besiboli 😂. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

#3 Bishoo wa Bronx

Mpiga Gongo, kesi haijaanza, umeifunga mwenyewe. Umeweka jumla tupu. Mimi niko New York mwaka wa kumi na moja na mambo ya Yankees, timu ya Mantle, nayajua. Aaron kacheza mechi 3,298. Mantle kacheza 2,401. Tofauti ni mechi 897, hiyo ni karibu misimu sita! Umempa mmoja debe na mwingine pishi halafu unauliza nani kaleta mchele mwingi.

Na hao akina Mantle hawakuacha kwa uvivu. 1951, fainali yake ya kwanza, ana miaka 19, anakimbilia mpira kule Yankee Stadium, mguu unanasa kwenye kifuniko cha mfereji wa maji uwanjani. Goti likaenda, na halikurudi sawasawa maisha yake yote. Unajua nani aliupiga mpira ule? Willie Mays. Hao watu walikuwa wanagongana tangu utotoni.

Halafu Mays naye alipelekwa jeshini. Sehemu kubwa ya msimu wa 1952 na wote wa 1953 alikuwa na sare za jeshi. Hizo hesabu zako zimeyaona hayo?

#4 Mpiga Gongo

Bishoo, nimekusikia, na pishi nalikubali. Basi tuache mechi kabisa, maana kuna mechi mtu anaingia dakika za mwisho kupiga mara moja. Tupime kwa zamu, yaani kila mtu aliposimama mbele ya mrushaji.

Aaron alisimama mara 13,941. Mays kama 12,500. Robinson kama 11,740. Mantle kama 9,900.

Kwa kila zamu 100:
Aaron 26.7
Mantle 26.7
Mays 26.4
Robinson 26.0

Nilirudia mara tatu nikidhani simu imekosea. Wanaume wanne, ligi mbili (ya Taifa na ya Marekani), viwanja tofauti, na wanaachana kwa nukta. Kwa hiyo huyo kijana wa ghalani ana nusu ya ukweli: kwa zamu moja moja Aaron hakuwazidi wenzake. Ila naye Mantle hakumzidi Aaron, na hapo ndipo nusu yake ya pili inapomdondoka.

Kuhusu jeshi: mpe Mays mikimbio 180 kwa mwaka wa 1953 na kama 140 kwa ile sehemu ya 1952. Anafika 3,620 hivi. Bado yuko nyuma, ingawa sasa anamwona Aaron kwa macho.

#5 Mwana wa Likoni

Mimi ni mtu wa kriketi, hii yenu naifuata kwa mbali, mniwie radhi. Swali langu ni dogo. Kwa nini mtoe homurani? Kwetu mtu akipiga sita anaandikiwa sita, hakuna anayemnyang'anya. Naona kama mwenye nguvu anaadhibiwa kwa nguvu zake.

#6 Ticha Hesabu

Mwana wa Likoni, umeuliza swali ambalo wenye uzi walipaswa kuanza nalo. Nafundisha hisabati, niruhusuni niingie kwa mfano mmoja tu.

Usiku wa Aprili 8, 1974. Atlanta na Los Angeles Dodgers, watu 53,775 uwanjani, wote wanasubiri Aaron ampite Babe Ruth, mwenye rekodi ya homurani. Awamu ya pili anaingia kupiga. Mrushaji Al Downing hamwekei mpira wa kupigika, Aaron anapewa besi ya kwanza bure. Anayefuata, Dusty Baker, anatandika pigo la besi mbili, Bill Buckner kule kushoto anaubabaisha mpira, Aaron anazunguka mpaka nyumbani. Mwandikie mkimbio 1, RBI 0. Gongo lake halijagusa kitu. Na huo mkimbio ambao watu wengi hawaukumbuki ulikuwa wa 2,063, uliomvusha Mays kwenye rekodi ya Ligi ya Taifa.

Awamu ya nne, Dodgers wanaongoza 3 kwa 1. Darrell Evans yuko besi ya kwanza kwa kosa la mlinzi Bill Russell. Downing anarusha wa kwanza, mbovu. Wa pili Aaron anauinua juu ya uzio wa kushoto, unadakwa na Tom House, mrushaji wa akiba wa Atlanta mwenyewe, kule nyuma walikokuwa wanapashia misuli. Homurani ya 715. Ruth kapitwa, na ubao unasoma 3 kwa 3.

Sasa hesabuni hiyo ya pili. Mikimbio iliyoingia ni miwili. Aaron: mkimbio 1, RBI 2, toa homurani 1, anabaki na 2. Evans naye ana mkimbio 1. Jumla 3. Lakini ubaoni imeongezeka 2 tu! Mkimbio wa Evans umelipwa mara mbili, kwake na kwa Aaron, wakati ule aliojiingiza Aaron mwenyewe, bila msaada wa mtu, umelipwa mara moja. Kanuni hii inawapa zawadi wanaosaidiana na kumpunja anayefanya peke yake. Mwana wa Likoni hajakosea.

Mimi ningegawa nusu kwa nusu. Aliyekimbia nusu, aliyemwingiza nusu. Homurani inampa mtu mkimbio wake mzima. Kwa hiyo jumlisha mikimbio na RBI, gawa kwa mbili, basi.

#7 Mchuuzi wa Makoroboi

Ticha ungenifundisha wewe nisingekuwa nauza soksi.

#8 Mpiga Gongo

Ticha, shikamoo. Nimepiga kwa njia yako, kila zamu 100:

Mantle 16.1
Aaron 16.0
Mays 15.9
Robinson 15.5

Ni kama wamefungwa kamba moja, kanuni yoyote utakayoleta.

#9 Bishoo wa Bronx

Sasa mmefika nilipotaka mfike. Kamba hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye vipimo vyenyewe. Mikimbio na RBI si mali ya mpigaji peke yake. Ukiwa na watu besini utapata RBI, wasipokuwepo utapiga mpira mzuri na kuambulia patupu. Mrushaji akikuogopa na kukupa besi bure, umeisaidia timu lakini kwenye RBI umeandikiwa sifuri, labda besi ziwe zimejaa.

Chukueni mwaka mmoja, 1957. Aaron mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, Mantle mchezaji bora wa Ligi ya Marekani. Aaron mikimbio 118, RBI 132, homurani 44. Mantle mikimbio 121, RBI 94, homurani 34. Kwa kanuni ya zamani Aaron 206, Mantle 181. Umeona? Aaron kamtupa mbali.

Haya, sasa angalia Mantle alifanya nini mwaka huo. Alipiga .365, yaani katika kila majaribio elfu ya kupiga, 365 yalimfikisha besini. Alipewa besi bure mara 146, Aaron mara 57. Zaidi ya nusu ya zamu zake Mantle alifika besini: .512! Kuna kipimo kinaitwa OPS+, kinamlinganisha mpigaji na wastani wa ligi yake na kinazingatia uwanja. Wastani ni 100. Aaron mwaka ule 166, ambayo ni kazi kubwa. Mantle 221.

Mtu wa 221 anaonekana mdogo kuliko mtu wa 166 kwa sababu mnahesabu mikimbio. Ndiyo tatizo la uzi huu tangu kichwa chake.

Na kwa maisha yote: Mantle 172, Mays 156, Aaron 155, Robinson 154. Nimemaliza.

#10 Mpiga Gongo

Hujamaliza, umekula tu nyama ukaacha mfupa kwangu 😅

Nakubali besi za bure zinapunjwa. Kwa mpira wa zamu moja, kama ningeambiwa nichague mtu mmoja asimame pale na maisha yangu yako rehani, ningemchukua Mantle wa 1957 bila kupepesa. Hilo nimekuachia.

Lakini wewe ulisema fainali ya 1951, mbona ya 1957 umeiruka? Oktoba hiyo hiyo Milwaukee ya Aaron walikutana na Yankees ya Mantle, wakawapiga mechi 4 kwa 3. Aaron alipiga .393, homurani 3, RBI 7. Nakukumbusha tu, wala sijengi hoja.

Hoja yangu ni hii. Unasema mikimbio inategemea wenzako. Kweli, na Mays ndiye shahidi mkubwa kuliko Mantle. Jamaa kafunga homurani 660, lakini katika maisha yake yote hakuwahi hata mara moja kuongoza ligi kwa RBI. Hata mara moja! 1962 alifikisha 141, mwaka huo huo Tommy Davis wa Dodgers akaleta 153. Ndani ya timu yake mwenyewe waliokuja kuongoza ligi ni Orlando Cepeda, 142 mwaka 1961, na Willie McCovey 1968 na 1969. Mays mara nyingi alipangwa wa tatu kupiga, wao nyuma yake. Yeye anafika besini, wao wanamwingiza, RBI wanaandikiwa wao.

Kwa hiyo mpangilio unampunja huyu na kumpendelea yule. Sawa. Ila Aaron aliongoza ligi kwa RBI mara nne, 1957, 1960, 1963 na 1966. Mara tatu za kwanza akiwa Milwaukee, ya nne akiwa Atlanta. Wachezaji wa mbele yake walibadilika, mji ulibadilika, namba ikabaki ile ile. Ukiona ugali unaiva vizuri kila nyumba anayohamia mpishi, utasifia sufuria?

#11 Bishoo wa Bronx

Atlanta wenyewe waliuita ule uwanja mahali pa kurushia roketi. Uko juu ya bahari mita mia tatu na ushee, mpira unapaa. Candlestick ya Mays kule San Francisco upepo unaurudisha mpira mikononi mwa mlinzi. Usiniambie sufuria haihusiki.

#12 Mpiga Gongo

Homurani za Aaron nyumbani 385. Ugenini 370. Sufuria imechangia 15 katika 755.

#13 Mchuuzi wa Makoroboi

Uwiiii. Bishoo lala tu kaka.

#14 Mwana wa Likoni

Nauliza tena, msinichoke. Huyo Babe Ruth aliyepitwa kwa homurani, kwa mikimbio yuko wapi? Maana jina lake hata sisi wa kriketi tunalijua.

#15 Ticha Hesabu

Ruth alikimbia 2,174, sawasawa kabisa na Aaron, hata mmoja haukuzidi. RBI zake 2,214, ingawa RBI zilianza kuandikwa rasmi 1920 na yeye alianza 1914, kwa hiyo za mwanzo zilikuja kukusanywa baadaye kutoka kwenye kumbukumbu za mechi. Kwa kanuni ya zamani ana 3,674, nyuma ya Aaron kidogo.

Lakini kwa zamu 100 ni 34.6. Na mwenzake wa Yankees, Lou Gehrig, ni 35.1.

Kabla hamjapiga kelele, angalieni mambo mawili. Gehrig kamzidi Ruth? Hakuna anayeamini Gehrig alikuwa mpigaji bora kuliko Ruth. Alikuwa anapiga nyuma ya Ruth, kila akiinua macho Ruth yuko besini anasubiri kuingizwa. Kwa njia yangu ya nusu kwa nusu wanapinduka: Ruth 20.6, Gehrig 20.1. Ndiyo maana nasema kanuni ile ya kutoa homurani si ya kuaminika.

La pili ni zama. 1930 timu moja iliingiza wastani wa mikimbio 5.55 kwa mechi. 1968 ilikuwa 3.42. Miaka ile ya sitini warushaji walitawala, eneo la straiki (mpira ukipita hapo mpigaji anahesabiwa kakosa) lilipanuliwa 1963, mrushaji Bob Gibson 1968 akamaliza msimu akiruhusu mikimbio 1.12 kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima, ukiacha ile iliyotokana na makosa ya walinzi. Hali ilikuwa mbaya mpaka wenye ligi wakapunguza kichuguu cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 mwaka uliofuata. Aaron mwenyewe 1968 aliambulia RBI 86. Mkimbio mmoja wa 1968 ulikuwa ghali, kama shilingi ya enzi za Mwalimu. Ruth alivuna msimu wa mvua, Aaron na wenzake wamelima kiangazi.

Ndiyo maana nampongeza mwenye uzi kwa kuwalinganisha wa rika moja. Hapo hali ya hewa ni ile ile.

#16 Mchuuzi wa Makoroboi

Swali la mtu wa kawaida: huu mchezo Bongo upo au mnatuchosha tu?

#17 Ticha Hesabu

Upo. Pita Azania Sekondari pale Upanga, kuna uwanja wa besiboli Wajapani walisaidia kuujenga, ulifunguliwa 2018, na wanafunzi wanashindana. Uganda wametutangulia, watoto wao walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania 2012. Turudi kwenye mada.

#18 Bishoo wa Bronx

Nimelala, nimeamka, nimekuja na mtu. Mpiga Gongo, umechagua rika kwa ujanja. Kuna mtu alikuwa bado anacheza Ligi ya Taifa hiyo hiyo mpaka 1963, miaka kumi uwanja mmoja na Aaron. Stan Musial wa St. Louis. Mikimbio 1,949, RBI 1,951, homurani 475. Zamu kama 12,720. Na huyo alikosa msimu mzima wa 1945 kwa ajili ya jeshi la majini.

Piga kanuni yako mwenyewe halafu urudi.

#19 Mpiga Gongo

3,425. Kwa zamu 100 ni 26.9.

Kawapita wote wanne. Dah. Nilimsahau kabisa na sina cha kujitetea.

#20 Ticha Hesabu

Msiwe na haraka. Nusu kwa nusu Musial ni 15.3, wa mwisho kati ya watano. Homurani zake ni chache, mikimbio yake mingi ilikuwa ya kushirikiana, na ile kanuni inalipa ushirika mara mbili. Sisemi Musial alikuwa mdogo, OPS+ yake inamshinda Aaron. Nasema usimtangaze mshindi kwa kipimo kinachogeuka ukibadili mstari mmoja. Aaron umemgeuza kila upande, hasogei.

#21 Mwana wa Likoni

Na hizo ligi za weusi za zamani zimehesabiwa humu? Nilisoma mahali kwamba zimeingizwa kwenye rekodi.

#22 Mpiga Gongo

Swali zuri sana, ndugu yangu. Ziliingizwa rasmi kwenye takwimu 2024, lakini ni za 1920 hadi 1948 tu. Mays alicheza na Birmingham Black Barons mwaka 1948, kwa hiyo kaongezewa mapigo 10 na vijimikimbio vichache, haviyumbishi hesabu yetu. Aaron naye alipitia huko, Indianapolis Clowns, lakini ilikuwa 1952. Hajaongezewa hata kimoja, ligi yake ilikuwa nje ya tarehe.

Na hilo ni dogo. 1953 alipelekwa Jacksonville, miongoni mwa weusi wa kwanza kwenye ligi ile ya kusini, analala nyumba tofauti na wenzake na kula jikoni kwa nyuma. 1973 akimkaribia Ruth, alipokea barua zaidi ya laki tisa, na nyingi zilikuwa matusi na vitisho vya kumuua. Alitembea na mlinzi. Wakati huo ndipo alipokuwa anaongeza zile namba ambazo tunaambiwa ni za kobe.

#23 Bishoo wa Bronx

Hilo sibishani nalo, na heshima yake iko palepale. Lakini hoja ya kobe bado ina miguu. Mtu akidumu miaka 23, ile mwisho mwisho anakuwa anaokota tu. Mantle aliacha na miaka 37, alipoona anapiga .237 akasema basi. Aaron aliendelea kukusanya.

#24 Mpiga Gongo

Wakuu nimerudi kutoka kazini sasa hivi, sijavua hata viatu.

Jana usiku nilimwonyesha mzee huu uzi. Kiswahili hakijui, lakini namba ni namba. Nikamwelekeza: huyu Aaron wako, huyu Mays, huyu Mantle, huyu Mchuuzi anataka kiwanja. Alipofika kwenye 26.7 na 26.7 akatabasamu kidogo. Nikamtafsiria posti ya Bishoo, ile ya kuokota mwisho mwisho. Akamimina kahawa kwenye kifuniko, akapuliza, akauliza swali moja tu: "Umepiga ya 1973?"

Sikuwa nimeipiga. Aaron ana miaka 39, barua zile zinaingia kwa magunia. Mechi 120 tu. Mikimbio 84, RBI 96, homurani 40. Zamu 465.

Kanuni ya zamani, zamu 100: 30.1. Mwaka wa 1957, alipokuwa mchezaji bora, miaka 23, zamu 675, ilikuwa 30.5.

#25 Bishoo wa Bronx

Hiyo rudia mkuu. Miaka 39 haiwezi kulingana na miaka 23. Ticha, hebu pitisha nusu kwa nusu yako.

#26 Ticha Hesabu

Nimepitisha. 1957 ni 18.5.

1973 ni 19.4.

#27 Mchuuzi wa Makoroboi

Huyo kobe anauzwa wapi?